Zimwi Amekuwa Bwana Harusi: Hadithi Zilizopinduliwa na Nyumba Zilizonyamaza



Katika nyumba zetu za pwani umezuka mjadala ambao hauna budi kusemwa kwa uwazi, kwani watu wazima wawili wakikutana barazani baada ya sala ya alasiri huutoa, wakaurusha huku na huku, na kila mmoja akaondoka na rai ile ile aliyokuja nayo. Mjadala wenyewe ni juu ya filamu na vitabu vya watoto vitokavyo Marekani na Ulaya, vile vinavyozichukua hadithi za kale za wazungu na kuzigeuza juu chini: zimwi akawa ndiye bwana harusi, mwana wa mfalme akawa bwege, mchawi akawa ndiye mwenye haki, na binti mfalme badala ya kungoja kuokolewa akajifunga kibwebwe akaenda yeye kuokoa. Kundi moja lasema: yote hayo ni haramu, zima. Kundi la pili lasema: hayo ni mambo ya watoto, waacheni wacheke. Mimi nasema makundi yote mawili yamekosea, na la pili limekosea zaidi, ijapokuwa ndilo lenye watu wengi.

Wanavyuoni wa usuli wana kanuni kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Sisi siku hizi twahukumu kwanza, kisha hata hatuna haja ya kujua. Filamu hizi nimezitazama pamoja na wajukuu, nyengine mara mbili, na vitabu nimesomewa na wao wenyewe. Wala sioni haya kusema kwamba pahali pengine nilicheka.

Basi tuanze kwa kujua. Hadithi zinazopinduliwa si za jana. Mfaransa Charles Perrault alizitia nane katika kitabu mwaka 1697, zikiwemo ya msichana wa kofia nyekundu, ya binti aliyelala miaka 100, na ya paka aliyevaa viatu. Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, wakaanza kutoa mkusanyo wao mwaka 1812. Walt Disney akaichukua Snow White akaifanya filamu mwaka 1937, na kutoka hapo hadithi hizo zikaingia majumba ya sinema ya dunia nzima, na mwisho zikaingia katika simu unayompa mtoto ili anyamaze.

Na hao nao walipindua. Kwa Perrault mbwa mwitu alimla yule msichana na hadithi ikaisha hapo. Ni kwa ndugu Grimm ndipo anapokuja mwindaji akampasua mnyama tumbo na kumtoa msichana yu hai. Katika chapa ya 1812 anayetaka Snow White auawe ni mama yake mzazi. Katika chapa za baadaye amekuwa mama wa kambo. Hans Christian Andersen wa Denmark mwaka 1837 hakumwoza nguva wake kwa mwana wa mfalme. Filamu ya Disney ya mwaka 1989 ikamwoza. Kwa hiyo anayelia kwamba hadithi ya asili imeharibiwa, kwanza atuambie asili ni ipi.

Walakini lililozuka baadaye ni jambo jengine: kupindua kwa makusudi na kwa mzaha, mtunzi akijua kwamba msomaji anaijua hadithi, na kicheko kikitoka hapo hapo kwenye kujua. Mwaka 1980 Robert Munsch alitoa kule Kanada kitabu cha binti mfalme aliyevaa mfuko wa karatasi. Mwaka 1989 Jon Scieszka wa Marekani akaisimulia ile ya nguruwe watatu kwa ulimi wa mbwa mwitu. (Wasishtuke wasomaji kwa kutajwa nguruwe, hapa haliwi ila na mbwa mwitu.) Mwaka 1990 William Steig akatoa kitabu cha zimwi aitwaye Shrek, na mwaka 2001 kikawa filamu iliyozunguka dunia. Mwaka 1995 Gregory Maguire akamtungia kitabu mchawi wa kijani wa nchi ya Oz, kiitwacho Wicked; mwaka 2003 kikawa mchezo wa jukwaani, na mwaka 2024 na 2025 filamu mbili. Mwaka 2014 ikaja Maleficent, ambamo yule mlaani wa binti aliyelala ndiye mwenye kisa.

Ile filamu ya Shrek yaanza kwa kitabu cha ngano kikisomwa: kulikuwa na binti mfalme, amefungiwa mnarani, joka linamlinda, na kadhalika. Mara msomaji aicheka hadithi, achana ukurasa, na twatambua kwamba msomaji ni zimwi naye yumo chooni, na ukurasa ule ameutumia kwa kazi ya chooni. Hapo wajukuu huanguka kwa kicheko. Nami nataka uitazame picha hiyo vizuri, ndugu msomaji. Aliyeutumia ukurasa ule ametumia ukurasa wa kitabu chake mwenyewe. Alikisoma utotoni, alisomewa na mama yake, akakihifadhi, akachoka nacho, akakifanyia mzaha. Hiyo ni haki yake, na kitabu ni chake. Je, mtoto wako wa Mombasa, wa Lamu, wa Tanga au wa Unguja, anayecheka pamoja naye, yeye amechana kitabu gani? Yeye hana kitabu. Anacheka kitu kikipinduliwa naye hajakiona kikiwa kimesimama. Hilo ndilo jambo langu, na nitalirudia mbele. Kwanza nimalizane na wenye kuharimisha.

Hawa hushika khabari ya Nadhr bin Harith, yule Mkureshi aliyekuwa akiwasimulia watu wa Makka visa vya wafalme na mashujaa wa Uajemi, kina Rustam na Isfandiyar, ili wasiisikilize Qur'ani. Khabari ni mashuhuri na imo katika vitabu vya sira. Lakini kosa la Nadhr lilikuwa ni kuziweka hadithi zishindane na Wahyi. Lau kosa lingekuwa ni kusimulia tu, tungefanya nini na hadithi ya Ummu Zar'i, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambamo Bibi Aisha (r.a.) anamsimulia Mtume (s.a.w.) kisa kirefu cha wanawake 11 walioketi kuelezana khabari za waume zao, naye Mtume akakisikiliza mpaka mwisho, kisha akampa mkewe neno la upole linalotoka katika kisa hicho hicho? Kiongozi wa umma, mwenye vita na wajumbe na mayatima wa kuangaliwa, ameketi nyumbani anasikiliza hadithi ya mkewe. Sisi wenye kuuza duka moja twasema hatuna wakati.

Na tungefanya nini na ile aliyoipokea Abu Daud, ya wanasesere wa Bibi Aisha, ambao kati yao palikuwa na farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa? Mtume (s.a.w.) alimuuliza: farasi ana mabawa? Naye akamjibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Sulaiman. Mtume akacheka mpaka yakaonekana magego yake. Hakumnyang'anya. Hakumwambia farasi hana mabawa, ondoa uwongo huu. Basi wewe nani, unayempokonya mtoto kitabu kwa sababu mna punda anayesema?

Watasema: iko hadithi yenye onyo kali kwa anayesema uwongo ili achekeshe watu. Kweli iko, na ni onyo la kuogopwa na kila mwenye ulimi, khasa sisi wa barazani. Lakini uwongo ni lile neno unalotaka msikilizaji aliamini. Bibi akisema paukwa, na watoto wakaitika pakawa, hapo wote wamekwishaambiana kwamba mlango wa hadithi umefunguliwa. Hapana aliyedanganywa. Waarabu walikuwa na Kalila wa Dimna, kitabu kizima cha wanyama wanaosema, na karne kwa karne kilisomwa na Waislamu wenye dini na elimu.

Na kwa kuwa nimekitaja, nitakaa nacho kidogo, kwani kina jambo ambalo wengi hawalijui. Dimna ni mbweha hasidi. Alimfitini ng'ombe kwa simba mpaka simba akamuua rafiki yake asiye na kosa. Katika asili yake ya Kihindi mfitini anaendelea kuwa mtu wa karibu wa mfalme, na kisa kimekwisha. Ibn al-Muqaffa', aliyekihamisha kitabu kutoka Kiajemi cha kale kwenda Kiarabu katika karne ya 8 ya miladi, ndimo mwake tunamokuta mlango mzima uliozidi: Dimna anashitakiwa, anajitetea kwa ufasaha wa kutisha, mashahidi wanasimama, naye anafia gerezani. Wataalamu wengi waona mlango huo aliutunga yeye mwenyewe. Unaona, ndugu msomaji? Huyo naye amepindua mwisho wa hadithi. Lakini amepindua ili mizani ikae sawa. Kupindua peke yake si dhambi. Swali ni: umepindua hadithi, au umepindua mizani?

Kwa kipimo hicho tumpime zimwi.

Katika Shrek binti mfalme ana laana: mchana mzuri, usiku zimwi. Kila mwenye kuzijua hadithi za namna hii anangoja mwisho atoke na uzuri wake wa mchana. Mwisho unapofika, anabaki zimwi, anashangaa, na mumewe anamwona mzuri. Mimi nasema pigo hilo limewapata wenyewe, na sisi limetupata zaidi. Kwani ni nani siku hizi anapoulizia mchumba kwa mwanawe, haulizi la kwanza "ni mweupe?" Ni nyumba ngapi za Waislamu mabinti wanajichubua uso kwa mkorogo ili wafae kuposwa, na mama yu pale anatazama, pengine ndiye aliyenunua? Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi ya Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu hatazami sura zetu wala mali zetu, bali nyoyo na matendo. Hadithi hiyo twaisoma mimbarini Ijumaa, kisha Jumamosi twaenda kuposa kwa rangi. Akija mtu wa Marekani na zimwi lake akatutia aibu, tusimlaumu yeye.

Lakini filamu hiyo hiyo, inayohubiri kwamba umbo si kitu, ina adui aitwaye Lord Farquaad, na tangu anapoingia mpaka anapomezwa kosa lake la kuchekwa ni ufupi wake. Ni dhalimu, ndiyo; amewafukuza watu makwao, amemtaka binti kwa ajili ya kiti cha ufalme. Lakini hawamcheki kwa dhulma, wamcheka kwa kimo. Zimwi limetetewa na mtu mfupi ametukanwa, katika kikao kimoja. Sura ya Hujurat imekataza watu kudharauliana, kwani huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wenye kudharau. Na mtoto aliyecheka kimo cha Farquaad usiku, asubuhi atamcheka mwenzake mfupi chuoni. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na jina alilomwita ni hilo hilo la filamu.

Wala hatukuhitaji kungoja mwaka 2001 tuambiwe kwamba mtu asiyependeza machoni anaweza kuwa bwana harusi. Julaybib (r.a.) alikuwa sahaba asiye na kabila la kumtetea wala sura ya kuvutia watu, na wasimulizi husema alikuwa mfupi. Mtume (s.a.w.) alimposea binti wa watu wa Madina. Mama wa binti akakataa katakata: huyo? Binti akasikia kutoka chumbani, akawauliza wazazi wake vipi watalirudisha ombi la Mtume, akaolewa kwa radhi yake. Kisha Julaybib akafa shahidi vitani, akaonekana kando ya maadui saba aliowaua, na Mtume akasema kwamba mtu huyu ni wake naye ni wa mtu huyu, akambeba kwa mikono yake mpaka kaburini. Wala simfananishi sahaba na zimwi, astaghfirullah. Nasema tu kwamba waulize watoto kumi majina ya wenzake Shrek, watakutajia mpaka punda. Waulize Julaybib ni nani.

Juu ya binti asiyengoja kuokolewa, sitakuwa na maneno mengi, maana wengine walitaraji nikasirike. Katika kitabu cha Munsch joka lamchoma binti nguo na nyumba, lamchukua mchumba wake, naye binti avaa mfuko wa karatasi, alifuata joka, alisifu mpaka lajichosha kwa kujionyesha, kisha amtoa mchumba. Mchumba badala ya kushukuru amwambia arudi akishavaa vizuri. Binti amwacha. Mimi ningekuwa walii wake ningemsaidia kumwacha. Khansa binti Khidam (r.a.), mjane, aliozwa na babake mtu asiyemtaka, akaenda kwa Mtume (s.a.w.), na ndoa ile ikavunjwa. Hayo tunayo tangu zamani. Tumeyafunika sisi wenyewe, kwa sababu tusizozisema hadharani.

Na yale mambo ya mwanamume mgeni kumbusu msichana aliyelala ili aamke, hizo ndizo adabu za hadithi zao zilizosimama wima. Katika Maleficent anayemwamsha ni yule aliyemlea, kwa busu la kipaji. Hapo waliopindua wamekaribia adabu kuliko waliotunga.

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo, nao ni hadithi ya mwovu ikisimuliwa na mwovu.

Mbwa mwitu wa Scieszka asema hivi: alikuwa akimpikia bibi yake keki, sukari ikamwishia, akaenda kuazima kikombe kwa jirani, naye ana mafua, akapiga chafya, nyumba ya majani ikaanguka, mwenye nyumba akafa, na kwa kuwa nyama iliyokufa itaharibika, akaila. Kisha mambo hayo hayo kwa jirani wa pili. Na khabari hizi anatupa akiwa gerezani. Hiki ni kitabu kizuri, wala sifanyi mzaha. Ningeweza kukitumia chuoni kufundisha mlango wa ushahidi. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Sayyidna Ali (r.a.) asimhukumie wa kwanza mpaka amsikie wa pili. Basi mbwa mwitu asikilizwe. Lakini akishasikilizwa, mtoto aulizwe: chafya mbili, vifo viwili, na mara zote mbili mwenye mafua ameshiba, wewe kadhi wasemaje? Mtunzi mwenyewe ameacha mkia wa mbwa mwitu nje ya mlango ili tuuone. Kumsikiliza mtu si kumwachilia.

Katika Maleficent jambo ni zito zaidi. Huyu amedhulumiwa kweli: mtu aliyempenda amemlevya, amemkata mabawa akiwa usingizini, ili apate ufalme. Naye akamlipiza nani? Mtoto mchanga wa mtu yule. Sura ya An'am yatuambia hapana nafsi itakayobeba mzigo wa nyengine. Kisasi chake kilikuwa kwa baba, si kwa kitoto cha utandikoni. Insafu yataka niseme kwamba filamu yenyewe yakiri: yule mwanamke anajuta, anajaribu kuiondoa laana yake na inamshinda. Ndiyo maana katika hizi zote naiona hiyo ina heri kuliko nyengine. Na Wicked ni hadithi ya mtu aliyesingiziwa na mtawala, kwa kuwa alikataa kumsaidia katika dhulma. Na sisi umma wenye aya za Sura ya Nur juu ya usingiziaji hatuna sababu ya kuchukia kisa cha aliyesingiziwa.

Basi ubaya uko wapi? Ubaya uko katika wingi na utupu. Mtoto aliyeshiba hadithi ambazo dhalimu ni dhalimu, akiletewa moja ambayo aliyeitwa dhalimu kumbe alionewa, hufumbuka macho, akajifunza kutohukumu kwa uvumi. Lakini mtoto ambaye hii ya pili ndiyo hadithi pekee anayoijua, leo mchawi alionewa, kesho joka lilionewa, kesho kutwa mwizi ana utoto mgumu, huyo hajifunzi kuchunguza. Anajifunza kwamba hakuna kosa duniani, kuna mtu ambaye hatujasikia upande wake tu.

Kijana mmoja wa chuoni, wa miaka kama 10, mwerevu, mwenye kuhifadhi upesi, aliuliza tulipokuwa tukisoma kisa cha Nabii Adam: "Maalim, haiwezi kuwa Ibilisi naye alionewa, na sisi tumesikia upande mmoja tu?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka wala sikumwadhibu. Lilikuwa swali la mtu anayefikiri, na alilitoa kule alikolitoa. Nilimfungulia Sura ya A'raf, nikamwonyesha kwamba upande wa Ibilisi umo, na haukufichwa. Aliulizwa kwa nini hakusujudu, akapewa nafasi ya kujibu, na jibu lake limehifadhiwa na litasomwa mpaka Kiyama: kwamba yeye ni bora, yeye ni moto na yule ni udongo. Kisha akaongeza jambo la pili: akamtupia Mola wake lawama kwamba ni Yeye aliyempoteza. Nikamwambia kijana: huyo ndiye wa kwanza kusema "sikukosa mimi, nilifanywa hivi." Kisha soma aya chache mbele, umtazame Adam na Hawa. Nao walikosa. Nao walikuwa na wa kumsingizia, tena kwa haki, maana Ibilisi aliwaapia. Hawakumtaja. Walisema wamezidhulumu nafsi zao, wakaomba msamaha.

Qur'ani haiogopi kumpa mwovu maneno. Firauni anasema, Karuni anasema, nduguze Yusuf wanapanga shauri lao na sisi tunawasikia neno kwa neno, na hata sababu yao twaielewa: baba alimpenda mdogo zaidi. Sura hiyo Mwenyezi Mungu ameiita kisa kizuri kuliko visa. Na Yusuf aliwasamehe. Lakini hakusamehe kwa kusema kwamba kisima hakikuwapo. Walikiri kwanza kwamba walikuwa wenye makosa. Ndipo akawaambia hapana lawama juu yao siku ile.

Sasa nije kwa kundi la pili, lile la "waacheni wacheke". Wewe, baba uliyerudi kutoka kazini ukamwekea mtoto simu mkononi, nawe ukashika yako. Wewe, mama ambaye bibi yako alikusimulia mpaka ukalala: hebu nikukumbushe kitu mlicho nacho nyumbani.

Yule paka wa Perrault aliyevaa viatu mnamjua, maana ametolewa katika Shrek 2 mwaka 2004 na kupewa filamu zake mwenyewe mwaka 2011 na 2022. Katika ngano ya 1697 kijana maskini arithi paka. Paka amdanganya mfalme kwamba bwana wake ni mtukufu mkubwa, amla zimwi kwa hila, achukua jumba lake, bwana aoa binti mfalme, paka naye awa bwana mkubwa. Kila mtu raha mustarehe. Hapo Ufaransa wakafunga kitabu.

Sisi tunayo hadithi hiyo hiyo, nayo Unguja haikufungwa hapo. Edward Steere, mishenari wa Kiingereza, aliipata kwa wasimulizi wa kisiwani akaichapisha kwa Kiswahili na Kiingereza mwaka 1870, London, na Andrew Lang akaitia katika mkusanyo wake wa 1901. Ni kisa cha Sultani Darai. Maskini mmoja kazi yake ni kupekua jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja aokota thumuni, na badala ya kununua chakula anunua paa. Watu wamcheka. Paa anasema kama mtu. Paa apata almasi, aipeleka kwa Sultani wa mbali, asema bwana wangu Sultani Darai ataka binti yako. Apewa. Paa aenda mpaka kwenye jumba la nyoka wa vichwa saba, amuua, jumba lawa la bwana wake. Mpaka hapo ni paka mtupu.

Kisha paa aumwa. Atuma bibi kizee amwambie bwana: naumwa. Na yule aliyekuwa jaani, sasa ana kilemba na watumishi, asema: si paa tu, niliyemnunua kwa thumuni? Mpikieni uji wa mtama. Mkewe amsihi, amkumbusha, alia. Hasikii. Paa afa, si kwa ugonjwa, kwa uchungu, naye bwana aamuru atupwe kisimani. Mkwewe Sultani apata khabari, aja mwenyewe na watu wake, wamtoa paa wamlilia. Usiku ule mke aota yuko kwa baba yake, aamka kweli yuko kwa baba yake. Mume aota yuko jaani akipekua, aamka, vidole vimo takani.

Wazee wetu waliuliza swali ambalo hawa wapinduaji wa leo wanasifiwa kwa kuliuliza: je, baada ya harusi? Waliuliza kabla ya 1870, bila filamu, kwa taa ya mafuta. Na yule mchumba wa Munsch asiyeshukuru, mwenye kutazama mfuko wa karatasi akaisahau roho iliyomwokoa, ni nduguye Darai baba mmoja mama mmoja. Mtoto aliyesimuliwa Darai akikutana na mchumba huyo atamjua mara moja, atacheka kicheko cha mwenye kujua. Asiyesimuliwa atacheka kwa kuwa wenzake wanacheka.

Wengine watajitetea kwamba mazungumzo baada ya isha ni makuruhu. Ndiyo, na wanavyuoni wameyatoa katika hukumu hiyo mazungumzo ya mtu na ahali zake na mgeni wake. Ajabu ni kwamba makuruhu haya hukumbukwa bibi akianza kusimulia, na husahauliwa mpira wa Uingereza ukianza.

Wengine watasema: sisi hatuzijui hizo hadithi. Bibi yako yu hai? Nenda kamuulize, na umwendee upesi. Amekwisha kutangulia mbele ya haki? Kitabu kipo. Huwezi kusoma? Kisa cha Darai nimekupa hapo juu, kimekuchukua dakika chache.

Msimulie usiku huu. Filamu usiiharimishe, itakuja siku nyengine, ketini pamoja muitazame, na umuulize Farquaad amekosa nini. Lakini usiku huu ni Darai. Na ukifika pale paa anapoomba khabari yake ipelekwe kwa bwana, usiharakishe. Mtume bibi kizee aende, arudi na uji wa mtama, atumwe tena, arudi na maneno yale yale. Mtoto atakukata maneno, atakuuliza kwa nini bwana haendi kumtazama, nyumba si moja? Usimjibu. Mwambie hata mkewe aliuliza hivyo hivyo, kisha endelea.